Nani Alinusa?

"Nuseni basi!" Mbinya alisema, akavua sweta lake na kulitupa mezani, katikati ya Biblia na chupa ya chai.

Pasta Mulinge alilisogeza kwa ncha ya kalamu. Wazee watatu wa kanisa walitazama dirishani, kana kwamba vilima vya Nunguni vimehamia hapo asubuhi ile.

"Dada Mbinya, hakuna mtu anakudharau," pasta alisema. "Lakini washirika wamelalamika. Unashika vikombe vya meza ya Bwana na unanuka bangi. Tumeonelea Mutanu wa kwaya achukue hiyo kazi."

Miaka kumi na mmoja! Miaka kumi na mmoja ameviosha vikombe vile vidogo, kimoja kimoja, kwa kidole alichokizungushia kitambaa, maana hakuna sponji inayofika chini. Kazi ya kumlisha ilikuwa nyingine: kufagia mahakamani, pamoja na stoo inamowekwa bangi iliyokamatwa hadi kesi iishe. Na kesi haziishi. Bangi ikiletwa mbichi, hunuka ganda la embe na pilipili manga; ikikaa miezi guniani, hunuka nyasi zilizolowa. Mafuta yake hung'ang'ania sufu na nywele. Mbinya alishajaribu sabuni ya kipande, majivu, hata majani ya mlimau. Alibadilisha nguo chooni kabla ya kwenda nyumbani. Hayo hakuna aliyemuuliza. Hata mmoja!

"Karani wa korti anaingia hiyo stoo," alisema. "Anakaa hapa kanisani kiti cha mbele. Yeye mnamwambia nini?"

"Yeye haoshi vikombe."

"Na nani alinusa?"

"Majina hayana haja, dada."

"Iko haja! Mimi hii harufu nimeijua kwa sababu ya ufagio. Huyo mwingine aliijulia wapi?"

Mzee Nzau, ambaye hakuna aliyemshinda kwa kuwakemea vijana walevi, aliona hapo ndipo pa kumaliza ubishi. Alilivuta sweta, akalinusa taratibu, amefumba macho.

"Usituzungushe, mama. Hii ni bangi, na si hata ile ya kawaida. Ya kawaida inakwaruza pua. Hii iko na ndimu ndani, ile ya majani membamba, hiyo mtu akivuta kidogo tu..."

Akalirudisha sweta mezani.

"Asi!" mzee aliyekaa kando yake alinong'ona kwa mshangao.

Pasta alilifunga daftari la kikao. "Tuombe," alisema haraka.

Vichwa vikainama. Pasta aliwaombea vijana, akaombea mvua, akawaombea viongozi wa nchi. Jina la Mzee Nzau hakulitaja. Na uamuzi juu ya Mbinya ulibaki daftarini, kwa wino. Mbinya hakufumba macho. Alivaa sweta lake, akafunga vifungo vyote hadi shingoni, akabeba trei ya vikombe vilivyotumika na kutoka.

Mutanu alikuwa bombani nyuma ya kanisa, ameshakinga maji kwenye beseni. Alipomwona, alisimama akipangusa mikono kwenye leso.

"Wamesemaje, mama?"

"Bado wanaomba," Mbinya alisema.

Akachuchumaa mbele ya beseni, akazungushia kidole kitambaa, akachukua kikombe cha kwanza.