Mapengo ya Masikio

Shemeji, mume wa dada yangu, ni mkuu wa maabara; mimi ni fundi wake wa panya. Utafiti ule niliubuni mimi: panya wanene ishirini na wanne, nusu walishwe nyuzinyuzi za shayiri zinazoyeyuka, nusu makapi yasiyoyeyuka. Nyuzinyuzi hizo hunasa nyongo tumboni, na ini huchota lehemu, yaani kolesteroli, kwenye damu ili kutengeneza nyongo nyingine. Nilitarajia damu safi na ini lenye mafuta machache.

Wiki ya nane nilikuta rasimu ya ripoti mezani ina jina moja. Lake. Nilipomuuliza alicheka. "Kaoshe vizimba, shemeji. Sayansi ina wenyewe."

Nikaosha. Vizimba vya shayiri, vilivyokaa rafu ya juu, vilikauka kwanza, nikawarudisha panya wake ndani na kuvipanga chini. Vingine vikapanda juu. Hilo halina madhara kwa anayejua kazi. Kila panya ana pengo lake sikioni, alilokatwa kama alama ya kumtambua, na daftari la mapengo ninalo mimi.

Kesho yake alinipa likizo, akapasua panya mwenyewe. Hakuniomba daftari.

Matokeo yakatoka kinyume: shayiri inajaza mafuta kwenye ini. Alifurahi kupita kiasi. Yeye mwenyewe ni mnene na ini lake lina mafuta, kwa hiyo aliacha uji wa shayiri aliopangiwa na daktari. Dada alinieleza kwa wasiwasi. Niliijua sababu ya matokeo kugeuka, nikanyamaza wiki sita.

Siku ya kuwasilisha ripoti, mbele ya jopo, nilinyoosha mkono.

"Shemeji, ulisoma sikio au rafu?"

"Rafu. Panya wamehama lini?"

Watu wakacheka.

"Siku niliyoosha vizimba. Uliniagiza mwenyewe."

Nikaweka mezani daftari na mfuko wa mizoga niliyoitoa kwenye friza. Mwenyekiti alisoma sikio la kwanza, la pili, la tatu. Hakuna aliyecheka tena. Walipopanga upya hesabu, panya wa shayiri walikuwa na lehemu kidogo, na mafuta ya ini yamepungua kwa theluthi.

Jioni dada alipiga simu. Mumewe anataka tena uji, ila anaona haya kuniuliza upikweje. Nikamwambia atumie shayiri isiyokobolewa, aichemshe taratibu mpaka iteleze. Halafu nikamwomba amfikishie kwamba ripoti mpya nayo ina jina moja.