Usiukate, Mwaka Huu Utachanua

Mama mkwe wangu alisema hafi mpaka anuse maua ya mlilaki wake. Alisema hivyo vuli ile miguu ilipomgomea kabisa, tukahamishia kitanda chake chumba cha mbele, dirishani, ili awe anauona mti huo wa maua ya zambarau uliosimama uani. Alisema kwa sauti ile ile anayoagizia chai.

Mti wenyewe ulikuwa hoi kumshinda yeye. Alikuja nao siku ya harusi yake, chipukizi tu lililofungwa kwenye kitambaa kibichi, kutoka kwao ng'ambo ya mlima. Kwa miaka mingi, kila mwezi wa tano, harufu yake ilijaa nyumba nzima hadi kwenye unga. Sasa gome lilikuwa limeota ukungu, majani yalijikunja kabla ya wakati, na ua halikuwa limeonekana tangu Velko, mume wangu, alipostaafu udereva wa lori akarudi nyumbani kunisaidia. Neno hilo la kunisaidia ni lake.

Nami nilikuwa nimechoka. Nina wajukuu, nina mvi kichwa kizima, na mama mkwe wangu, Mama Stamena, bado ananiita bibi harusi, maana kwetu huku mkwe ni bibi harusi mpaka anaingia kaburini. "Bibi harusi, mto!" "Bibi harusi, supu imepoa!" Kumgeuza, kumwosha, kumlisha, kubadili shuka, halafu unaanza upya. Siku moja nilikuwa uani nakamua shuka, nikautazama mlilaki, wazo likanijia: ukichanua, nitapumzika. Niliona aibu. Lakini wazo halikuondoka, na nitakuwa mwongo nikisema nilianza kuuhudumia ule mti kwa mapenzi.

Kwanza niliondoa makapi ya zabibu. Velko akishamaliza kukeneka rakia yake, ile pombe kali ya zabibu, hupenda kuyamwaga pale shinani yangali ya moto, eti ni mbolea. Nikang'oa machipukizi yaliyokuwa yakiunyonya mti, nikakata matawi yaliyokauka, nikatia majivu ya jiko na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Mgongo uligoma kunyooka. Mama Stamena alinisimamia toka ndani, akigonga kioo kila alipoona nimekosea, yaani muda wote.

Nilipokuwa nakata ndipo nikaona matumba. Yalikuwa manene, mawili mawili, kwenye ncha ya kila tawi zima. Nikasimama na mkasi mkononi kama mjinga. Kumbe mlilaki hutunga matumba yake tangu kiangazi na kuyalinda baridi yote mpaka mwezi wa tano! Na kila mwezi wa pili, siku ya Mtakatifu Trifon, wanaume wetu huenda kupogoa mizabibu, huimwagia divai, kisha hunywa zaidi ya walichomwaga. Velko akirudi mkasi bado unamwasha mkononi, basi hupogoa kila kilichosimama uani. Mlilaki alikuwa akiunyoa vizuri kabisa, ncha zote sawasawa, na kujisifu.

Basi nikajua ugonjwa mkubwa wa mti ule ni mume wangu.

Ukafika mkesha wa Krismasi. Maharage yalikuwa jikoni, kabichi iliyoviringiwa wali iko tayari, na Velko yuko kwa jirani "kuonja" divai mpya. Mama Stamena akaniita.

"Bibi harusi, chukua shoka ukautishe mlilaki."

Ni desturi yetu jioni ile: mti usiozaa hutishwa kwa shoka, mtu mmoja akiutisha na mwingine akiuombea usikatwe.

"Mama, hiyo ni ya miti ya matunda. Mlilaki unazaa nini?"

"Na wewe ulizaa nini? Mtoto mmoja tu, na nimekuvumilia. Chukua shoka!"

"Na nani atauombea? Mwanao hayupo."

"Wewe nenda. Kazi kubishana tu."

Nikatoka peke yangu kwenye theluji, vidole vikiniuma. Nikainua shoka mbele ya mti na kusema maneno yanayosemwa: "Nitakukata! Huchanui, una kazi gani hapa?" Nilitaka kuishia hapo nirudi kwenye maharage yangu. Lakini mdomo ulikataa kufunga.

"Kula unakula! Kunywa unakunywa! Kila siku nakuhudumia, na shukrani huna! Nimechoka, unasikia? Nimechoka mimi!"

Nilikuwa napiga kelele. Shoka lilikuwa juu ya kichwa changu, na sikuwa na hakika tena kama naigiza. Ndipo nikasikia dirisha likifunguka. Sijui alilifikiaje lile komeo, kwa mikono tu, na kiwiliwili kile kizito.

"Usiukate," alisema Mama Stamena. Haikuwa sauti ya kuagiza chai. "Usiukate, mwanangu. Unajitahidi. Mwaka huu utachanua."

Nilishusha shoka. Tangu niingie nyumba ile hakuwahi kuniita mwanangu. Tukatazamana, yeye ameshikilia kizingiti cha dirisha, mimi theluji imenifika vifundoni.

"Sasa njoo ufunge," akasema, "kabla sijaganda."

Nilifunga, nikamlaza, nikamfunika. Tulikula maharage bila kulitaja jambo lile.

Siku ya Mtakatifu Trifon ilipofika nilimsikia Velko kabla sijamwona, maana alikuwa akiimba. Aliingia uani na mkasi wake, mashavu mekundu, moja kwa moja hadi mlilakini. Alinikuta nimesimama mbele ya mti.

"Pisha, mwanamke, niunyoe huu mzee."

"Usiukate."

"Aa! Leo si Krismasi."

"Velko, usiukate. Ukiugusa tu, kuanzia kesho mama yako utamwosha wewe."

Aliniangalia, akaangalia dirisha, akaufunga mkasi. "Haya basi, haya. Ugomvi wa nini siku ya sikukuu?"

Mwezi wa tano mlilaki ulichanua. Si sana, vichala vichache upande wa jua, lakini ni zambarau ile ile. Niliviona asubuhi nikitoka na beseni, na badala ya furaha moyo ulinilipuka kwa hofu. Hafi mpaka anuse. Ndivyo alivyosema, na mama huyu hana tabia ya kuvunja ahadi. Nikafunga kamba kati ya mti na dirisha, nikaanika shuka zote za nyumba, hata zilizokuwa safi.

Siku ya pili akaniita.

"Bibi harusi, zile shuka zimekauka tangu jana. Zianue."

"Bado zina unyevu, Mama."

"Iliyokufa ni miguu. Pua iko nzima. Kaniletee."

Nilikata kichala kimoja, nikampelekea. Alikipokea kwa mikono miwili, akazika uso humo, akavuta pumzi ndefu, akafumba macho. Akakaa hivyo. Akazidi kukaa.

"Mama?" Nikamshika bega. "Mama! Mama, usiniache!"

Jicho moja likafunguka.

"Ni machache," akasema. "Mwakani yatakuwa mengi. Sasa kelele za nini?"

Niliketi kwa kishindo kwenye ukingo wa kitanda, nikalia kama mtoto, kwa uchovu, kwa hasira, kwa furaha, sijui. Nililia hadi kamasi. Alinitazama akiwa na yale maua kifuani. Kisha akajivuta kwa viwiko, polepole, akihema, hadi ukutani, ukabaki upande mtupu wa kitanda.

"Lala hapo kidogo, mwanangu," akasema. "Supu itangoja."

Nikalala.