Krenki ya Tundu Moja

Miezi mitatu baada ya mazishi, fundi alifikiwa karakanani na mjane wa kaka yake, aliyeleta injini ya gari la zamani la marehemu, imefungwa kamba nyuma ya pikapu.

"Shemeji, ifungue. Nataka kujua kwa nini ilituzimikia njiani."

Fundi hakuwa na pa kukwepea. Injini ile aliiunda upya yeye mwenyewe mwaka uliopita, na kaka yake akaitunza kama mboni ya jicho. Siku kifua kilipombana, mkewe alimpakia humo humo. Nusu ya safari injini ikagonga, ikanyamaza. Hospitali walifika juu ya mkokoteni wa maji, mgonjwa keshakata kauli.

Akafungua sampo, bakuli la oili chini ya injini. Oili tele, pampu nzima. Lakini metali, yale mabamba membamba yanayoukumbatia mhimili wa injini, zilikuwa zimeungua, zimeng'ang'ania mhimili huo, krenki, nyeusi kama masizi. Akaifuta krenki, akachomeka waya kwenye tundu la oili. Kwa injini ya mwaka ule, waya ungetokeza upande wa pili. Haukutokeza. Akajaribu shingo ya pili inayovaa metali, ya tatu. Wapi!

Krenki ilikuwa ya toleo la awali, lenye tundu upande mmoja, linalotaka metali zenye mfereji duara zima. Yeye aliivalisha metali za toleo la baadaye, zenye mfereji nusu. Kila mzunguko, nusu yake chuma kilisaga chuma kikavu. Kwa nje krenki hizo ni mapacha ambao hata mama yao angewachanganya.

"Umeona nini?"

Uongo kuhusu pampu ulishamfika ulimini. Akaumeza. "Ni mimi, shemeji. Niliweka krenki isiyo yake. Sikupima matundu."

"Kupima kunachukua muda gani?"

"Dakika tano."

Mjane akaketi juu ya tairi. Hakulia, hakutukana. Heri angetukana.

"Miezi yote hii najilaumu mimi niliyeshika usukani," alisema. Kisha akainuka. "Watoto usiwaambie, wanakupenda mno. Ila kwangu usikanyage tena."

Jioni mtoto mkubwa wa marehemu akapiga simu. "Baba mdogo, mama hasemi kitu. Umegundua tatizo?"

"Bado, mwanangu."

"Basi Jumapili uje utueleze."

Fundi akasema Jumapili ana kazi nyingi.