Nguzo Hajui Kucheza

Kwa miaka mingi hakuna aliyejua kwamba Nguzo hajui kucheza dansi, na sababu ni kwamba hakuna aliyewahi kumtazama. Mpiga besi hatazamwi. Watu humtazama mwimbaji, humtazama mpiga solo akikunja uso kama anayeumwa jino, humtazama hata mtu wa mitambo anapokatiza jukwaani kuokota waya. Nguzo alikuwa akisimama nyuma kabisa, ubavuni mwa drams, besi imemlalia tumboni, akitikisa kichwa kidogo na kuhamisha uzito kutoka mguu wa kulia kwenda wa kushoto. Kuhama hahami, na ndiyo maana wenzake wakampa jina hilo. Mchana alikuwa fundi wa friji. Mwisho wa wiki alipigia bendi yoyote yenye pengo, na bendi zenye pengo la besi hazikuwahi kukosekana, kwa kuwa kila anayejifunza gitaa anataka lile litakalomweka mbele.

Kuchezesha watu alichezesha, haki ya Mungu tena. Alichezesha maharusi, wastaafu, wenyeviti wa vyama vya ushirika, na safari moja hakimu mzima aliyekata mauno mpaka miwani ikamdondoka. Lakini yeye mwenyewe, ukimvua lile gitaa, miguu yake ilikuwa ya kumfikisha dukani na kumrudisha nyumbani, basi.

Sasa binti yake akachumbiwa. Binti ndiye huyo huyo mmoja, muuguzi, mtoto asiyependa makuu, na wazazi walipomketisha kumuuliza anataka harusi ya namna gani, alikubali kila alichoambiwa: ukumbi ule ule, keki ile ile, bendi ile ile aliyozoea kuipigia baba yake. Kisha akasema ana ombi moja kwa baba. Nguzo akajiweka sawa kitini akidhani ataombwa friji.

"Siku hiyo sitaki upige, baba. Nataka ucheze na mimi. Wimbo mmoja tu."

"Hilo tu?" akasema Nguzo. "Hilo limekwisha." Akacheka, akanywa maji, akaenda kusimama uani peke yake.

Mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, hakusema kitu mbele ya binti. Alisubiri binti aondoke, akasogeza meza ya sebuleni ukutani, akawasha redio na kumwamuru mumewe avue viatu. Mazoezi yakaanza hapo, yakaendelea wiki hiyo na iliyofuata, na kila siku mambo yalikwenda kombo kwa namna mpya. Mpiga besi amezoea kumtazama mwimbaji mgongoni. Bega likipanda, anajua wimbo unageuka. Basi Nguzo alisimama katikati ya sebule akisubiri bega la mtu lipande. Besi ya redio ikiingia, vidole vyake vilianza kuparuza tumbo bila yeye kujua, na mkewe akamwambia aache kujikuna. Alipojitahidi kupiga hatua alimkanyaga mkewe, akakanyaga paka, akakanyaga mguu wake mwenyewe, jambo ambalo mkewe alisema hajawahi kuliona kwa mtu mzima. Mwishoni mama wa watu akanyanyua mikono. Akamwambia asimame tu, mtoto atamzunguka.

Nguzo aliona ametukanwa, na akashukuru, kwa wakati mmoja. Lakini kitandani usingizi ukamkataa. Kuchekwa si kitu, mtu aliyepigia bendi za kila aina kashachekwa sana. Kilichomtia hofu ni kumwaibisha mwanawe mbele ya wakwe. Na wakwe wenyewe si wa mchezo: baba wa bwana harusi alikuwa mzee mwembamba, mnyoofu, na habari zilizoletwa na wambea zilisema ujanani alikuwa akicheza dansi hadi watu wanasimama pembeni wampishe. Nguzo akajiona amesimama ukumbini kama friji lililoletwa kutengenezwa, mwanawe analizunguka, na yule mzee anatazama.

Hapo ndipo shetani alipomnong'oneza. Wa kushika besi siku ile alikuwa Kinyozi, rafiki yake, ambaye naye alikuwa mpiga besi mzuri tu. Nguzo akapiga hesabu zake. Kinyozi asipotokea, bendi haina besi. Bendi isiyo na besi haiwezi kuchezesha mtu. Baba wa bi harusi itambidi ajitoe mhanga, avue koti, apande jukwaani, na watu watasema ona baba huyo alivyo na moyo. Binti atanuna kidogo kisha ataelewa. Kadiri alivyozidi kulifikiria ndivyo lilivyozidi kufanana na tendo jema.

Asubuhi ya harusi akampigia Kinyozi simu, akamweleza kwamba paa la ukumbi linavuja, wamehamia ule mwingine wa karibu na uwanja wa mpira. Kinyozi hakuuliza chochote. Kwa kawaida swali lake maishani ni moja, kama mtu anataka kunyoa zote au pembeni tu. Alisema sawa, akakata simu. Nguzo akaichukua besi yake, akaifunika blanketi, akailaza kwenye buti la gari kando ya tairi la akiba.

Mchana ukumbi ulijaa. Nguzo alikaa meza kuu ndani ya suti aliyoshonewa na mkewe na viatu vilivyombana mpaka kisogoni. Maharusi waliingia kwa wimbo wa kwenye spika, keki ikakatwa, hotuba zikasomwa, na sasa ikawa zamu ya bendi. Bendi haikuanza. Mpiga drams, mtu mnene na mpole aliyepiga na Nguzo tangu wote wawili wana nywele, akashuka jukwaani, akaja kuinama nyuma ya kiti chake. Akanong'ona kwamba Kinyozi hajafika.

Nguzo akavaa uso wa msiba. Alishusha pumzi, akatikisa kichwa, akasema ndiyo kazi zetu hizi, huku mkono ukiwa umeshafungua kifungo cha kwanza cha koti. "Nenda kwenye gari langu," akasema. "Kwa bahati tu nina besi kwenye buti."

"Kwa bahati?" akauliza mkewe, bila kugeuka.

Mambo yangeweza kwenda alivyopanga kama mpiga drams asingekuwa mwema. Lakini alimhurumia mzee mwenzake, akaona si vizuri baba kukosa dansi ya mwanawe, akasema ngoja ajaribu simu mara moja tena. Na kwa kuwa masikio ya wapiga drams yamekwisha zamani, akaiweka simu kwenye spika yake, sauti yote.

Kinyozi alipokea akipiga kelele juu ya muziki. Alisema yuko jukwaani, wameshaanza, wapo wimbo wa tatu, ila anashangaa maana hata mwanabendi mmoja hamjui na Nguzo mwenyewe hamwoni.

"Uko jukwaa gani?" akauliza mpiga drams.

"Si huku uwanjani. Nguzo alinipigia asubuhi, akasema mmehama."

Baadaye ilijulikana yote. Kule uwanjani kulikuwa na harusi ya watu wengine kabisa, na mpiga besi wao alikuwa ameingia mitini. Walipomwona mtu anaingia mlangoni na besi mgongoni hawakumuuliza ametumwa na nani. Walimpa waya, akachomeka, akapiga. Lakini hayo ni ya baadaye. Kwa sasa simu ilizimwa, na meza kuu ikapoa. Nguzo akageuka amtafute mpiga drams amsaidie, akakuta nyuma ya kiti chake, ndani ya shela, amesimama binti yake, aliyekuja kuuliza kwa nini muziki hauanzi.

"Baba, ulimwambia Kinyozi tumehama?"

Uongo ulimjia wa kila rangi. Akaukagua, akaona hakuna hata mmoja unaomtosha.

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Sijui kucheza, mwanangu. Sijui kabisa. Niliona nitakuaibisha mbele ya watu."

Binti akaviringisha kitambaa mkononi.

"Mimi nilidhani hutaki," akasema binti. Kisha akamwambia kitu ambacho hakuwahi kumwambia. Alipokuwa mdogo, mama yake akimleta kwenye shughuli, alikuwa akienda kucheza mbele kabisa, chini ya jukwaa, amtazame baba kule nyuma. Baba alimtikisia kichwa. Binti akacheza zaidi, baba akatikisa zaidi. Alifurahi hivyo miaka mingi, mpaka siku alipogundua kwamba baba humtikisia kichwa kila mtu, hata ukuta.

Nguzo aliumia. Tusifiche, aliumia kifuani hasa, kwa sababu hakukumbuka kumwona hata mara moja. Taa za jukwaani zinapiga machoni, na yeye kazi yake ilikuwa kutazama mgongo wa mwimbaji. Alikumbuka migongo yote. Akafunga tena kile kifungo cha koti, akasimama.

"Twende," akasema.

Mpiga drams akauliza besi je. Nguzo akamjibu ibaki kwenye buti.

Basi bendi ikapiga bila besi, na muziki usio na besi ni kama chai isiyo na sukari. Chai ni chai, lakini mtu anakishika kikombe huku akitazama pembeni. Nguzo alisimama katikati ya sakafu, mkono mmoja begani kwa mwanawe, na miguu ikagoma. Akakanyaga shela. Akaomba radhi, akalikanyaga tena upande wa pili. Yule mkwe mwembamba alikuwa ameinama mbele kitini ili aone vizuri. Nguzo akatafuta chini ya ule muziki kitu cha kushika, asikipate, na kwa kuwa kilichokosekana ni kile alichokuwa akikitia yeye maisha yake yote, mdomo ukaanza wenyewe, sikioni kwa binti, polepole: dum, du-du dum, dum.

Mguu wa kulia ukaitika. Wa kushoto ukafuata. Binti akaiokota hatua, wakasogea pamoja, na Nguzo akashangaa kuona kwamba wamevuka nusu ya sakafu na hakuna aliyeumia.

Sasa mshereheshaji wa siku ile alikuwa mmoja wa wale wasioweza kuona ukimya wakauacha ujipitie. Alipoona midomo ya baba inacheza kwenye sikio la bi harusi, moyo ukamyeyuka. Akawatangazia waalikwa watulie, baba anampa mwanawe wosia wa mwisho kabla hajamkabidhi kwa mumewe, na wosia wa namna hii watu hawabahatiki kuusikia. Akanyata, akasogeza kipaza sauti karibu na mdomo wa Nguzo. Ukumbi mzima ukanyamaza. Akina mama walishatoa leso.

Dum, zikasema spika zote nne. Du-du dum. Dum.

Watu walivunjika mbavu. Mkwe mwembamba alipiga meza kwa kiganja mpaka glasi zikaruka. Nguzo akatahayari, akafumba mdomo, na pale pale miguu ikasimama.

"Usiache, baba," akasema binti. Alikuwa akicheka na kulia pamoja. "Ukinyamaza napotea."

Akaendelea. Mpiga drams alimsikia, akatabasamu kwa uso wote, akashusha mguu kwenye dramu kubwa sambamba na mdomo wa rafiki yake, na ghafla bendi ikawa bendi. Mshereheshaji, alipong'amua kwamba kipaza sauti kimepata kazi, akawa anatembea nao ubavuni kama mtu anayewashikia mwavuli. Waalikwa wakainuka. Mkwe akaja na mkewe, na kweli alikuwa anajua, wambea hawakumsingizia. Nguzo je? Alicheza vibaya. Alicheza kama mtu anayeshusha friji ngazini, hatua kwa hatua, akihofia kuta. Lakini kila aliyekuwa ukumbini alikuwa akicheza kwa kumfuata, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumkosoa.

Wimbo ulipoisha alimrudisha binti kwa mumewe, akajifuta jasho, akageuka kwenda kukaa. Mkewe alikuwa amesimama njiani. Mkoba wake alishamkabidhi mkwe mwenziwe amshikie. Nguzo akajua amekwisha.

"La Kinyozi tutaliongea nyumbani," akasema mkewe.

"Najua, mama."

"Siku ya harusi yetu mpiga besi hakutokea."

Nguzo alikikumbuka hicho kisa vizuri. Alikuwa akikisimulia kila mwaka mbele ya wageni, jinsi bwana harusi alivyopanda jukwaani na suti yake akapiga shughuli nzima, na mkewe akicheka pamoja na wageni.

"Uliniacha mezani na keki," akasema mkewe. "Nilikaa nayo mpaka watu wakaondoka."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ningekuambia saa ngapi? Ulikuwa unapiga."

Akamwekea mkono begani, akausubiri wa mumewe. Bendi ilianza wimbo mwingine, wa taratibu, na mshereheshaji akaja mbio na kipaza sauti chake. Mama wa bi harusi alimtazama mara moja tu, naye akarudi alikotoka. Nguzo akainama sikioni kwa mkewe, akaanza, kwa sauti ya mtu mmoja kusikia.