Kazi Huishia Nje

Ukuta ulikuwa umepakwa rangi upya, lakini maneno ya marehemu yalikuwa bado yanachungulia. Ukisimama karibu na mlango, pale mwanga wa dirisha unapoupiga ukuta kwa ubavu, uliweza kuyasoma: MTEJA ATOKE, AZUNGUKE, ARUDI. Mwalimu aliyapitishia kidole. Dada yake aliyaandika kwa mkono wake, amesimama juu ya stuli, siku chuo hiki cha urembo kilipofunguliwa. Miezi miwili baada ya kumzika, mumewe alikuja na ndoo ya rangi nyeupe.

"Shemeji," sauti ikasema nyuma yake, "leo usinitie aibu."

Alikuwa ndiye huyo mwenye ndoo, Mkuu wa chuo, amevaa koti juu ya shati lililokwisha kulowa mgongoni, na saa tatu ya asubuhi ilikuwa haijafika.

"Aibu gani?"

"Mtahini anakuja na fomu yake. Fomu ina hatua tisa. Kumtembeza mteja barabarani hakumo. Wanafunzi sita wafuate hatua tisa, wapate vyeti, mambo yaishe."

"Fomu hiyo kaiandika mtu ambaye kwao jasho hukauka."

"Iwe kaiandika nani. Ukinivurugia, darasa nampa mwingine. Nimesema, nisirudie."

Akaenda kukiwasha kiyoyozi. Kilikuwa kipya, kimefungwa juu kidogo tu ya yale maneno, na kilinguruma kama paka aliyeshiba.

Mji ule hewa yake ilikuwa nzito. Shuka lililoanikwa asubuhi lilianuliwa jioni lina unyevu. Jasho halikuwa na pa kwenda. Lilikaa usoni kama mgeni asiyejua kuaga. Marehemu alilijua hilo kwa kosa lake mwenyewe. Alipoanza kazi, alimsafisha mteja mmoja uso ndani ya chumba kilichofungwa, feni inazunguka, akamfukiza kwa mashine ya mvuke, akamalizia kwa krimu nzito ya kopo. Mteja alijitazama kwenye kioo akacheka kwa furaha. Siku ya tatu akarudi hacheki: vipele vya joto kutoka paji la uso hadi shingoni.

"Nilimsifu akiwa kitandani," marehemu alizoea kuwasimulia wanafunzi, "kumbe haishi kitandani."

Tangu hapo hakumwachia mteja mpaka azunguke. Unatoka getini, unampita fundi cherehani, unapita kwa wachomelea vyuma, unakata kona, unarudi kwa nyuma. Dakika kumi. Ukirudi ndipo unatazamwa: wapi panang'aa, wapi pamekuwa pekundu, wapi panawasha. Ndipo unakandwa kwa kitambaa cha pamba kilicholowa maji baridi, bila kusuguliwa, na kilichozidi kinaondolewa. Wengine waliita wazimu. Wateja walipanga foleni.

Mtahini alifika na faili kifuani na miwani myembamba. Hakuwa mtu mbaya. Aliwasalimia wote, akasifu usafi wa mashuka. Tatizo likawa moja: mteja wa sita hakutokea.

"Nitalala mimi," alisema Mkuu, akavua koti.

Kitanda kilikuwa cha mwanafunzi ambaye wenzake walimwita Marudio, kwa kuwa mtihani huo alikuwa ameshaufanya mara mbili na mara mbili ukamshinda. Alimfunga Mkuu kitambaa kichwani, akamnong'oneza, "Mkuu, ukinifelisha leo, tutapangiana zamu ya kufagia."

Hatua zikaenda. Kusafisha, mvuke, skrabu, kukanda. Mwalimu alisimama pembeni mikono nyuma, kama fomu ilivyotaka. Hatua ya nane ilikuwa krimu ya kopo. Aliona vidole sita vikiichota, nzito, nyeupe. Katika ubaridi ule wa kiyoyozi kila uso ulipendeza. Ngozi zilikuwa laini kama za watoto waliotoka kuogeshwa.

"Safi sana," alisema mtahini, akafungua kalamu. "Hatua ya tisa, mteja akae, ajitazame. Kisha natia sahihi."

"Bado," alisema Mwalimu.

Kalamu ikasimama.

"Shemeji," Mkuu aliita kutoka kitandani, macho amefumba. Lilikuwa onyo.

Mwalimu alikwenda ukutani akakizima kiyoyozi. Akafungua mlango wote, na joto likaingia kama mwenye nyumba. "Hapa tunafundisha kwamba kazi haiishi chumbani. Mteja hutoka, huzunguka, hurudi. Aliyeanzisha chuo hiki alifundisha hivyo, na mimi ndivyo ninavyofundisha."

"Kwenye fomu hakuna," alisema mtahini.

"Najua."

"Mwanafunzi atakayetoka chumbani kabla sijatia sahihi, nitaandika amejiondoa. Siwezi kuandika vingine."

Mwalimu aliwageukia wanafunzi. Kazi yake alikuwa ameshaiweka mezani. Za kwao hakuwa na haki ya kuziweka. "Mmemsikia. Atakayebaki abaki. Sitamnunia, naapa. Cheti ni chake na tumbo ni lake."

Mama Pacha, mkubwa wao kwa umri, alimshika mteja wake mkono. "Mimi wateja wangu wanakaa nje," alisema. "Sijawahi kumwona anayeishi ndani ya friji." Akatoka. Wengine wanne wakamfuata, wawili mbio, mmoja akiburuta miguu.

Akabaki Marudio. "Mwalimu, hii ni mara ya tatu. Mama mkwe ameshaniambia nikitoka bure nikauze mkaa."

"Basi baki, mdogo wangu."

Marudio alimtazama aliyelala mbele yake. "Mkuu, uso ni wako. Tunakwenda au tunakaa?"

Krimu ilikuwa imeanza kulainika juu ya nyusi zake. Alipokaa, alikaa kama mtu aliyeamshwa nyumba ya ugenini.

"Nilikuja hapa na vipele vya wembe," alisema, si kwa Marudio. "Kidevu chote. Dada yako akanizungusha mara nne wiki ile. Ya nne nikamwambia, bibi, kwa nini nazunguka peke yangu? Tuzunguke wote." Akajifuta jicho, akalipaka krimu zaidi. "Nikipita mlangoni naisikia sauti yake inanituma nje. Nilidhani rangi itanyamazisha."

"Rangi gani hiyo?" alisema Mwalimu. Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. "Hata mara ya pili hukupaka."

Mkuu akacheka kidogo, pumzi tu. Akasimama. "Marudio, twende."

"Na mkaa?"

"Nitanunua wa kwanza mimi."

Walirudi baada ya dakika kumi, sita na sita. Mkuu ndiye alikuwa kichekesho kikubwa: krimu imeshuka kwa mistari mpaka kwenye kola, macho mekundu, shavu moja limetoka vidoa. Mteja wa Mama Pacha alikuwa anajikuna shingo. Hakuna aliyengoja kuambiwa. Mabeseni ya maji baridi yalijazwa, vitambaa vya pamba vikalowekwa, vikabandikwa, vikabanduliwa. Krimu ikatoka, ikawekwa jeli nyepesi ya maji, tone moja, basi. Marudio aliandika kwenye kadi ya mteja, herufi kubwa: HATUA YA NANE HAIFAI HAPA.

Mtahini alikuwa amebaki chini ya kiyoyozi, amekiwasha tena, akatazama yote hayo, faili limefungwa. Kisha akalifungua, akaandika mara sita neno lilelile, akapiga mhuri.

"Ningependa iwe vingine," alisema.

"Basi andika vingine," alisema Mwalimu.

"Fomu haina nafasi."

Alipovuka kizingiti kutoka kwenye mabaki ya ule ubaridi, miwani yake ilifunikwa na ukungu mara moja. Akasimama juani, hamwoni mtu, anaifuta kwa ncha ya ushungi wake.

"Waambie waliokutuma," Mwalimu alimwambia, bila ukali sasa, "mtihani ujao waje waufanyie pale kwenye kona, kwa wachomelea vyuma. Viti tutatoa sisi."

Mtahini aliivaa miwani, ikaingia ukungu tena, akaondoka hivyohivyo.

Vyeti sita vilikuwa vimekwenda na faili lile, na kila mmoja alijua. Mwalimu alimgeukia Mkuu, akingojea hukumu yake. Mkuu, kitambaa bado kichwani, alikuwa ameinama chini ya meza anatafuta kitu. Akatoka na brashi na kopo la rangi nyeusi. Akaivuta stuli hadi mlangoni, akaishika miguu kwa mikono miwili.

"Panda," alisema. "Mwandiko wangu mbaya."

Mwalimu akapanda. Alifuata herufi za dada yake palepale zilipokuwa zinachungulia, bila kuzinyoosha, hata ile R iliyopinda.

"Koleza," alisema Marudio kutoka kwenye beseni, mikono ndani ya maji. "Mwakani nitakuwa hapahapa tena, nayasoma."