Miwani ya Mtumba

Mara mbili wiki hiyo karani Anyona alimwaga kikapu cha Mogire chini, mbele ya wanawake wote wa kituo cha chai.

"Mzee, haya ni ya kulisha mbuzi! Tunataka majani mawili na chipukizi. Ukileta takataka tena, nitamwambia mkeo, Mama Ashley, atafute mchumaji mwingine."

Wanawake wakacheka. Mogire alikuwa na miaka hamsini na mbili, na tangu aache shule kwa ajili ya chai, Ikonge nzima haikuwa na wa kumshinda kuchuma. Sasa kilima cha mbali alikiona vizuri, lakini vidole vyake mwenyewe vilikuwa ukungu.

Akaenda soko la Daraja Mbili. Kando ya rundo la mitumba, mama mmoja aliuza miwani iliyotumika, imejaa beseni.

"Jaribu zote, baba. Itakayokubali macho yako ni yako."

Ya saba ilikubali.

Nyumbani, mkewe Eucabeth aliishika kwa ncha za vidole. "Ya nani hii?"

"Yangu."

"Na kabla yako?"

"Mtumba hauulizwi jina, Mama Ashley. Koti langu je, lilikuwa la nani?"

"Koti halioni," mkewe akasema.

Asubuhi, shambani, Mogire aliona kila mshipa wa kila jani. Akainua kichwa. Miwani ilikuwa ya kuonea karibu, kwa hiyo mbali kote kulikuwa kweupe kama maziwa: kilima, mikaratusi, mapaa. Isipokuwa mtu mmoja. Mwisho wa shamba alisimama mchumaji, kikapu mgongoni, wazi kiasi cha Mogire kuhesabu viraka vya aproni yake. Akavua miwani. Kilima kikarudi, mikaratusi ikarudi. Mtu hakuwapo.

Siku ya pili walitenganishwa na mistari kumi. Siku ya tatu mchumaji alikuwa ndani ya mstari wa Mogire, anakuja, kichwa chini.

Kwenye chai, wawili wakikutana mstari mmoja husalimiana. Anayenyamaza ana lake moyoni. Ulimi wa Mogire ulitangulia akili.

"Bwakire," akamwamkia kwa Kigusii.

Yule akainua uso. Alikuwa amekunja macho, kama Mogire alivyoyakunja mwezi mzima, na juu ya pua palikuwa na alama mbili nyekundu, palipozoea kukaa miwani. Akanyoosha mkono, akapapasa hewa.

Mogire alifikiria Anyona na vile vicheko. Kikapu hakikuwa kimefika nusu.

"Ndugu, niache nimalize huu mstari tu."

Vidole vikagusa shavu lake, baridi kama umande. Basi akavua miwani, akaisogeza mbele juu ya chai. Ikachukuliwa polepole, kwa adabu.

Hakuona mtu. Aliona kilima tu. Kisha majani yakaanza kukatika kando yake, haraka kuliko alivyowahi kuchuma ujanani, na kikapu mgongoni kikaanza kuwa kizito. Mogire akasimama, mikono imelegea, bila kugeuka, mpaka kikajaa.

Kituoni, Anyona alizamisha mkono hadi chini ya kikapu. Hakupata la kutupa.

"Leo umeweza, mzee! Na ile miwani yako iko wapi?"

"Iko kazini," Mogire akasema.