Mkalimani wa Pili

Kilichomharibu Mbaruku ni kicheko. Kilikuwa kicheko cha bwana shauri, Mwingereza mwembamba aliyesikiliza kesi pale boma la Mwanza, mtu ambaye siku zote uso wake ulikuwa umefungwa kama duka la siku ya Idi. Siku hiyo alicheka mpaka akavua miwani, na aliyemchekesha alikuwa Shimba.

Kazi ya mahakamani ilikuwa hivi. Msukuma akitoa maneno yake, Shimba, mkalimani wa pili, aliyapokea kwa Kisukuma na kuyatoa kwa Kiswahili. Mbaruku, mkalimani wa kwanza, aliyachukua hapo akayapeleka kwa bwana kwa Kiingereza, yaandikwe. Ilikuwa hivyo tangu zamani na hakuna aliyeona ajabu. Ila bwana shauri huyu alikuwa amefaulu mtihani wake wa Kiswahili. Shimba akisema neno la kuchekesha, bwana alicheka hapo hapo. Mbaruku alipofungua mdomo na Kiingereza chake kilichopigwa pasi, kicheko kilikuwa kimekwisha, bwana anafuta macho na kuchovya kalamu.

Basi Mbaruku akamwonea Shimba wivu. Tuseme wazi, maana yeye mwenyewe hakuthubutu kuusema. Alikuwa mtoto wa mjini, wa nyumba inayojulikana, kanzu nyeupe kila asubuhi, na Kiingereza alikisoma shule ya Serikali. Shimba alitoka mashambani, Kiswahili alikipata misheni, na Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji. Lakini kina mama wa kesi walimletea Shimba sato. Wazee walimshika mkono wasiuachie. Mbaruku hakuletewa hata dagaa.

Na nyumbani hakukuwa na nafuu. Akirudi tu, mkewe Bimdogo humwuliza, "Haya, baba Mastura, leo Shimba kasema nini?"

"Mimi pia nilisema," Mbaruku alimjibu siku moja.

"Najua ulisema," Bimdogo akasema, akimkaribisha ugali. "Lakini yeye alisema nini?"

Mwaka ule bei ya pamba ilikuwa imeanguka vibaya, na Serikali ilikuwa ikipunguza watu kazini kila mahali: matarishi, makarani, hata mafundi wa reli. Wafanyabiashara nao walikuwa na hasira zao. Serikali ilitaka kuwaongezea kodi, nao walitaka ipunguze kwanza matumizi yake. Pale Mwanza aliyekuwa na hasira kuliko wote ni Tayabali, mwenye duka la nguo na ghala la pamba. Alikuwa na rafiki yake Dar es Salaam, mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, na mjumbe huyo alikuwa akitafuta mifano ya bara ya kuibana nayo Serikali kwa maswali.

"Bwana Mbaruku," Tayabali alimwambia alipoingia kununua kitambaa, "wewe iko ndani ya boma. Wapi Serikali napoteza bure? Mimi nataka jambo moja tu, nzuri, rafiki yangu apate kuuliza."

Mbaruku alikuwa hajapanga chochote. Lakini moyo wenye kijiba hauhitaji kupanga. "Nenda mahakamani ukaone," akasema. "Neno moja linasemwa na watu wawili. Msukuma anasema, mmoja anageuza, mwingine anageuza tena. Mishahara miwili."

Tayabali alifurahi, akapiga meza. Kisha, kwa kuwa hakuwa mjinga, akauliza, "Na akibaki moja? Wewe Kisukuma najua?"

"Mimi nimezaliwa hapa, bwana. Kisukuma nakijua tangu utotoni."

Hapo hakuona kuwa amedanganya. Watu wa mjini wa siku hizo wote walijihesabu kuwa wanajua Kisukuma. Walijua kusalimu, mwangaluka na mwadila. Walijua kununua mihogo, kumkemea mpagazi na kumwuliza mtu habari za ng'ombe wake. Kilichobaki walikiona ni kelele za shamba.

Miezi ikapita. Siku moja Tayabali akamwita dukani akiwa na gazeti lililokuja kwa treni ya Dar es Salaam, akalisoma kwa sauti na kuligeuza kwa Kiswahili chake. Mheshimiwa mjumbe aliuliza: je, Serikali ina habari kwamba katika mahakama ya Mwanza wakalimani wawili wanalipwa kwa kazi ya mmoja, na ina nia gani? Katibu Mkuu wa Serikali alijibu kwamba Serikali inamshukuru mheshimiwa, imechunguza jambo hilo, na nafasi ya mkalimani wa pili itafutwa. Mheshimiwa akauliza swali la nyongeza: je, anayebaki anajua lugha zote zinazohitajiwa? Ndiyo, mheshimiwa, anazijua zote.

Mbaruku alirudi nyumbani akitembea kifua mbele. Maneno yake mwenyewe yalikuwa yamesemwa mbele ya Gavana, na jibu limetoka.

Shimba alikuja kumuaga. Hakujua ubaya ulikotoka, au kama alijua hakuonyesha. "Kaka," akasema, "wakija wazee wa Magu, waache wamalize. Usiwakatize. Msukuma huanzia mbali."

"Nimesikia," Mbaruku akasema, huku akiomba aondoke upesi.

Alidhani sasa atapumzika. Wapi! Haukupita muda Tayabali akamwajiri Shimba kupima pamba kule Magu, na wakulima wakaanza kulipita ghala la jirani ili wamletee yeye, wapime huku wakicheka. Tayabali mwenyewe alimsimulia Mbaruku, akimshukuru kwa kumpatia mtu kama yule. Usiku huo Bimdogo alimwona mumewe akiisukuma sahani ya wali, akaiondoa.

Mahakamani mambo yalikwenda, maana kesi za mwanzo zilikuwa za watu wa mjini. Kisha ikaja kesi ya Chenge.

Chenge alikuwa mzee wa Magu, mrefu, mgolole begani. Jirani yake Maige alimshitaki kwamba amemwibia ng'ombe dume. Maige alikijua Kiswahili, akajieleza mwenyewe: dume ni wake, halikuonekana zizini, limekutwa kwa Chenge. Wizi wa ng'ombe ulikuwa kifungo, na kwa umri wake Chenge huenda asingetoka hai. Watu wa Magu walijaa kwenye mabenchi. Walikuwa wamekuja na lori la Tayabali, na Shimba alikuwa kati yao.

Chenge akaanza kusema. Akaanzia mbali kweli. Mbaruku alishika "ng'ombe", akashika "kaya", yaani nyumbani, akashika jina la Maige. Katikati yake maneno yalipita kama maji ya mvua mtaroni. Akaona jasho linamtoka chini ya kofia. Mzee alikuwa bado anaendelea, mikono inakwenda huku na huku, na watu wa mabenchi wameanza kutabasamu. Mbaruku akamkatiza.

"Anasema nini?" bwana akauliza.

"Anasema ng'ombe yuko nyumbani kwake, bwana."

"Basi anakiri?"

"Nafikiri anakiri, bwana."

Bwana akachovya kalamu. Kwenye mabenchi tabasamu zikafa, na watu wote wakageuza shingo kumtazama Shimba. Hapo kijiba kikamrudia Mbaruku. Hata sasa, Shimba hana kazi, hana kofia, amekaa nyuma kama mtu yeyote, na bado wanamtazama yeye! Shimba alikuwa amekodoa macho, mikono ameibana magotini, maana wa mabenchini haruhusiwi kusema. Chenge naye alimtazama Mbaruku kwa upole, akingoja kuruhusiwa amalize, hajui kwamba amekwisha malizwa.

Mbaruku alijua neno lililotakiwa, na alijua bei yake. Anayebaki anazijua lugha zote: Serikali ilisema hivyo barazani. Akilisema neno hilo, atakuwa ameivua nguo Serikali pamoja na yeye mwenyewe. Na litampa Shimba kila kitu. Alitamani kunyamaza. Alitamani sana. Kalamu ikaanza kukwaruza karatasi.

"Bwana," akasema, na sauti yake ilitoka nyembamba, "usiandike. Sikumwelewa mzee huyu. Kisukuma changu ni cha sokoni. Namwomba Shimba."

Bwana shauri akaweka kalamu chini. "Barazani ilijibiwa kwamba unakijua."

"Neno hilo lilitoka kwangu, bwana. Nilisema uongo."

Bwana akanyanyua kidole, na Shimba akaja mbele akasimama mahali pake pa zamani, bega kwa bega na Mbaruku, wala hakumtazama. Akamwambia Chenge aanze upya. Mzee akaanza upya, kutoka mbali vile vile, na safari hii hakuna aliyemkatiza. Shimba akangoja mpaka mwisho, kisha akageuka.

"Anasema hivi, bwana. Mwanawe alimwoa binti wa Maige, na dume hili lilikuwa mahari. Lakini dume lilizaliwa kwake Chenge, kila likifunguliwa linarudi. Amelirudisha kwa Maige mpaka magoti yamemwisha. Anasema: kwa watu wengine mke ndiye anayetoroka kurudi kwao, mahari inabaki. Kwangu mimi mke ametulia, mahari ndiyo inayotoroka. Sasa Maige anishitaki mimi, au amshitaki huyo dume?"

Mabenchi yakaangua kicheko, Maige naye akainamisha uso kuficha meno. Mbaruku alikwisha kuyapanga maneno ya Kiingereza kichwani, mazuri, yamenyooka. Akajiweka sawa kofia, akavuta pumzi.

Bwana shauri alikuwa tayari amevua miwani, anacheka.